Feni ya Chumba Nisichoingia

Mimi ni mtu wa nyumbani. Siyo sifa, ni hali. Mke wangu hutoka asubuhi kwenda kufundisha, mimi hubaki na kuku, tangi la maji, redio, na zile kazi ndogo ndogo ambazo kila mtu hapa Kathonzweni anajua naziweza: kubadilisha balbu, kuunga waya wa pasi, kukaza bawaba za mlango. Nilimaliza Form Four, na katika fizikia yote nakumbuka vizuri mchoro mmoja tu, wa betri mbili na taa moja. Mchoro huo umenitosha kwa miaka mingi. Watu wakikwama na kitu cha stima husema, "Muulize yule, amesoma," na mimi sijawahi kuwasahihisha. Ningekuwa mtu wa kusahihisha, nisingekuwa na hadithi hii.

Mama mkwe wangu anaishi Kibwezi, peke yake, kwenye nyumba ya matofali ambayo marehemu mume wake aliijenga kidogo kidogo mpaka ikapata mabati na silingi ya bodi nyeupe. Kibwezi si kama kwetu. Huku joto hutembea, huja na kuondoka. Kule limejenga. Msimu mmoja wa jua kali presha ya mama ilipanda, na nesi wa kliniki, pamoja na mambo mengine aliyomwambia, akamwambia asilale kwenye chumba kisicho na hewa. Lakini mama hafungui dirisha usiku, kwanza kwa sababu ya mbu, pili kwa sababu ya watu. Basi mke wangu akanunua feni. Akanunua ile ya kuning'inia kwenye silingi, kwa sababu ile ya kusimama sakafuni mama alisema ataikwaa akiamka kwenda msalani.

"Tutatafuta fundi wa stima huko huko Kibwezi," mke wangu akasema.

"Fundi wa nini? Na mimi ni nani?"

"Wewe ni baba watoto."

"Haya basi."

Aliniangalia kwa yale macho yake ya kusahihisha vitabu. "Unajua feni inafungwa chumba gani lakini?"

Nilijua. Ilikuwa ya chumba cha kulala cha mama mkwe, na mtu ambaye hakulelewa Ukambani lazima nimwambie maana yake. Kati ya mwanamume na mama mkwe wake kuna kitu tunaita nthoni. Ni heshima yenye umbali ndani yake. Zamani, wazee wanasema, ukimwona mama mkwe njiani ulikuwa unaingia kichakani mpaka apite. Siku hizi tumelegeza. Tunasalimiana kwa mdomo bila kushikana mikono, na tunaweza kukaa kwenye sebule moja, yeye upande ule, mimi huku karibu na mlango. Jambo la maana linapitia kwa mke wangu hata kama sote watatu tumekaa pamoja. Lakini chumba anacholala siingii. Kitanda chake sikioni na hata neno lenyewe silitamki akiwa karibu. Kanisa limetufundisha mengi, ila hilo hatujaliacha.

"Nitaifunga bila kuingia," nikasema.

"Utaifunga ukiwa wapi, mbinguni?"

"Karibu na hapo. Juu ya silingi."

Nilikuwa nimeona kwamba kwenye kijia cha ndani cha nyumba ile, kati ya vyumba, kuna kifuniko cha kupandia darini. Nitapanda pale, nitambae hadi juu ya chumba, nitoboe mbao, niteremshe hoki ya kuning'inizia feni. Mke wangu atakuwa chini, ndani ya chumba cha mama yake, juu ya meza, atainua feni na kuitundika nikimwelekeza. Niliona ni akili kubwa. Niliisimulia hata kwa jirani kabla hatujasafiri, na jirani akaniambia nimesoma.

Tulienda Jumamosi. Nataka niandikiwe jambo moja zuri, kwa sababu mazuri yangu siku hiyo yanahesabika kwa kidole kimoja: stima nilizima kwenye meni swichi, nikabandika karatasi yenye neno USIGUSE kwa herufi kubwa. Mtu wa kupigwa na stima sikuwa. Kisha nikapanda.

Juu kule, saa tano ya asubuhi, chini ya mabati ya Kibwezi, ni mahali ambapo hata popo wameacha mavi yao wakahama. Jasho liliingia machoni kabla sijavuta miguu yote miwili ndani. Nilikuwa na drili ya kuazima, hoki, bolti, na simu mdomoni ikimulika.

Sasa nieleze kilichoko pale, maana ndipo kosa lilipo. Kuna mbao za aina mbili. Kuna kubwa, za inchi nne kwa mbili, zinazovuka nyumba kutoka ukuta hadi ukuta na kubeba paa. Hizo mtu anaweza kulalia. Halafu kuna ndogo, za mbili kwa mbili, zimepigiliwa chini ya zile kubwa kwa misumari, na kazi yake ni kushika bodi za silingi zisianguke. Hazina kazi nyingine. Tundu la balbu, katikati ya chumba, lilikuwa katikati ya mbao mbili kubwa, kando ya mbao ndogo. Kitu cha kufanya kinaonekana hata kwa mtu wa betri mbili na taa moja. Unakata ubao mnene, unauvusha juu ya zile kubwa mbili, unaupigilia imara, kisha ndio unaning'iniza feni.

Sitasema sikujua. Nilijua. Ila ubao sikuwa nao. Nyuma ya jiko la mama kulikuwa na vipande vitatu vizuri alivyoviacha marehemu, nilivipita nikienda kunawa mikono. Lakini ili nipate kimoja ilibidi nimwambie mke wangu, mke wangu amwambie mama, na mama ajue kwamba mkwe wake ametoka Kathonzweni na akili nyingi bila ubao.

Nilikuwa bado nalifikiria hilo wakati mke wangu aliponiita kutoka chini. Alikuwa ameshatoa balbu, na sasa alikuwa anamulika simu yake kupitia tundu.

"Unaiona taa?"

Nikaweka jicho kwenye tundu.

Niliona taa. Halafu mkono wake ukasogea, na nikaona kilichokuwa nyuma ya taa. Kitanda cha chuma, blanketi la bluu lililokunjwa, foronya yenye maua yaliyoshonwa kwa mkono, na juu ya foronya miwani ambayo mkono wake mmoja umefungwa kwa uzi. Niliona kwa muda wa kupepesa jicho. Nikaruka nyuma kama mtu aliyechomwa, kichwa kikagonga mabati.

"Ni nini hiyo?" mke wangu akauliza.

"Vumbi."

"Vumbi linagonga mabati?"

Nilikuwa nimefumba macho, na kile nilichokiona kilikuwa bado kipo ndani ya kope. Kuanzia hapo sikuwa fundi tena, nilikuwa mtu anayetaka kutoka. Nikashika drili, nikatoboa mbao iliyokuwa karibu na mkono wangu, ile ndogo, nikapitisha bolti, nikakaza nati hadi vidole vikauma. Nilikaza sana, kana kwamba nguvu ya kukaza ingeinenepesha mbao.

Najua msomaji anangoja mguu wangu utoboe silingi nining'inie juu ya chumba cha mama mkwe. Haikutokea. Ingekuwa afadhali. Silingi iliyotobolewa ingeonekana na kila mtu, tungecheka, fundi angeitwa, mambo yangeisha. Kosa langu lilikuwa zuri kwa macho.

Tulipowasha, mke wangu alikuwa chumbani na mimi nimeshateremka, nimesimama kijiani uso ukutani.

"Inazunguka," akasema. Kisha, "Inatikisika kidogo."

"Mpya zote huwa hivyo. Itatulia ikizoea."

Nilisema hivyo. Kuhusu chuma. Kwamba itazoea.

Mama alikuwa amechinja kuku. Nikapewa firigisi, na mke wangu akaniletea ujumbe kutoka jikoni kwamba mama anasema mikono yangu ibarikiwe. Nilikula. Hata nikaongeza supu.

Wiki za kwanza nilikuwa mtu mkubwa. Mke wangu alikuwa akimpigia mama simu jioni, na mimi ningesikia kwenye spika feni ikivuma nyuma ya maneno.

"Unaisikia?" mama alikuwa anasema. "Kama niko Limuru. Mwambie baba watoto nimelala kama mtoto."

Mke wangu alikuwa ananikonyeza. Mimi nilikuwa nageuza redio kama mtu ambaye mambo kama hayo anayafanya kila siku.

Halafu kanisa letu likanunua feni mbili za mbele, na siku ya kuzifunga nikaenda kumshikia fundi ngazi, kwa sababu mtu wa nyumbani ndiye huitwa siku za kazi. Fundi alikuwa kijana mfupi mnene kutoka mji wa Wote, mwenye maneno. Alipanda, akagongagonga, akashuka. Akasema hafungi kitu mpaka aletewe ubao mnene. Wazee wa kanisa wakamwambia si mbao ziko huko juu nyingi. Akasema hizo ni za kushika silingi, yeye anataka ya kushika feni. Tukangoja saa nzima ubao ukaletwa. Akaupigilia, akaweka hoki, kisha akafanya kitu ambacho sijakisahau. Alishika hoki kwa mikono miwili, akainua miguu kutoka kwenye ngazi, akaning'inia pale mbele ya madhabahu kama nyama buchani.

"Wewe, shuka, utatuletea maneno," mzee mmoja akamwambia.

"Ngoja kwanza," akasema, akijitikisa. "Feni ikisimama ni nyepesi. Ikizunguka inavuta. Kama hoki haiwezi kunibeba mimi na ugali wangu, siiamini juu ya kichwa cha mtu."

Nilimshikia ngazi iliyokuwa haina mtu. Nikasema, kwa sauti ya kuuliza tu, "Na mtu akifunga kwa ile mbao ndogo ya silingi?"

Akaangalia chini. "Misumari inateremka kidogo kidogo. Siku moja inaachia. Aliyefunga hivyo anamchukia anayelala hapo." Kisha akacheka. "Labda ni chumba cha mama mkwe wake."

Wote wakacheka. Mimi nilicheka pia, na nilikuwa wa mwisho kunyamaza.

Unadhani nilikimbia nyumbani nikamwambia mke wangu. Sikukimbia. Nilitembea polepole, nikapitia kwa mtu anayeuza sukumawiki ingawa tuna zetu. Jioni hiyo simu ikapigwa, feni ikavuma, mama akasifu, na mimi nikasema, "Mwambie asiiweke kwenye mwendo wa juu. Aweke namba moja."

"Kwa nini?" mke wangu akaniuliza.

"Stima inakula."

"Mama, anasema uweke namba moja, stima inakula."

"Mwambie anajali," mama akasema.

Nilitoka nje nikahesabu kuku. Wote walikuwapo. Nikawahesabu tena. Yule mama mwenye miwani ya uzi amelala chini ya kitu nilichokifunga huku nimefumba macho, na ananisifu, na mimi naogopa asije akajua kwamba sikuwa na ubao. Hilo ndilo nililokuwa nalinda. Ubao.

Siku nne nilikaa nalo. Siku ya tano nikamtafuta yule fundi, nikamkuta anakula muthokoi hotelini. Nikamwambia nina jamaa yangu fulani ambaye alifunga feni vibaya na anataka kujua atengeneze vipi.

Alitafuna kwanza. "Jamaa yako."

"Jamaa yangu."

"Mwambie huyo jamaa yako achukue nne kwa mbili, avushe mbao mbili kubwa, apigilie kila upande. Bolti ipite mpaka juu, nati mbili, na pini ya kuzuia zisifunguke. Azime stima, usisahau kumwambia. Kisha ajining'inie mwenyewe kabla ya kuning'iniza feni." Akanywa maji. "Na umwambie aende kesho. Asingoje Jumamosi."

"Nitamwambia."

"Anaonekana hajalala, huyo jamaa yako," akasema, akarudi kwenye chakula chake.

Asubuhi mke wangu alinikuta nimesimama mlangoni na ubao urefu wa mtu.

"Naenda Kibwezi," nikasema. "Kukaza kidogo."

"Kukaza nini?"

"Nati."

Aliangalia ubao, akaniangalia mimi, akaangalia saa, maana shule ilikuwa inamngoja. "Nati kubwa," akasema, akaondoka. Ningeweza kumwambia pale pale. Alinipa nafasi kabisa, alifika langoni akageuka nyuma. Nikampungia mkono.

Nilipofika Kibwezi mwenye boda alinifungia ubao kando ya pikipiki, akaniuliza kama nahamia na nyumba yangu kipande kwa kipande. Nilikuwa nimepanga kwamba njiani nitapata maneno. Nilifika nikiwa na ubao tu.

Mama alikuwa ndani ya jiko lake, lile la nje, na jirani yake alikuwa ameketi mlangoni pa jiko anachambua mbaazi. Huyu jirani ni mama wa umri wake, mwenye mdomo. Mke wangu hakuwapo, na jambo nililokuja nalo lilihitaji mtu wa kulipitisha. Nikasimama nje ya ukuta wa jiko, mahali ambapo mama hanioni nami simwoni, nikasalimia. Mama akaitikia kutoka ndani. Nikamgeukia jirani.

"Mwambie mama nimekuja kwa ajili ya feni."

Jirani akageuza kichwa inchi mbili. "Anasema amekuja kwa ajili ya feni."

"Nimesikia," mama akasema. "Mwulize kama ameleta sukari au ameleta ubao tu, nimemwona akipita."

"Anauliza..."

"Nimesikia," nikasema.

"Sasa kama mnasikiana mimi nafanya nini hapa?" jirani akasema, lakini hakuondoka. Asingeondoka hata kwa mvua.

Nikashika ukuta. Matofali yalikuwa ya moto kwa jua. "Mwambie mama feni niliifunga vibaya. Niliifunga kwa mbao ndogo, ile ya kushika bodi tu. Inaweza kuanguka. Mwambie... mwambie nilijua siku ile ile."

Mbaazi zilikuwa mkononi mwa jirani zimesimama. "Hiyo sasa niiseme vipi?" akauliza, na ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akikosa neno.

Ndani ya jiko mwiko ukagonga sufuria mara moja, ukawekwa chini.

"Mwambie najua," mama akasema.

Kisha hakumngoja jirani. Alisema nami, moja kwa moja, kupitia ukutani, kitu ambacho hakuwa amekifanya tangu nimwoe msichana wake.

"Silingi hiyo aliipigilia baba yao, na mimi ndiye nilikuwa nampa misumari. Kila mbao ya pale juu naijua. Nilikuwa nimekaa hapa hapa siku ile, nikasikia drili yako inalia mahali ambapo hapana kitu. Nikasema labda amesoma, labda sasa kuna njia mpya."

Nikauegemeza ubao ukutani.

"Jioni hiyo hiyo nilisukuma kitanda hadi kwenye kona."

Jirani akakohoa, kwa sababu ya neno hilo, lililosemwa mbele ya mkwe. Mama akaendelea kama hakusikia.

"Na ile sauti ya feni?" nikauliza. "Kila jioni tunaisikia kwenye simu."

"Simu ikilia naenda naiwasha. Nasimama mlangoni nikiongea. Tukimaliza nazima."

"Kila siku?"

"Sasa msichana angesikia nini?"

Wiki zote hizo. Kama niko Limuru, alikuwa anasema, amesimama mlangoni pa chumba chake anaelekeza simu kwenye kitu anachokiogopa, ili mimi nisifiwe kwangu. Nikauliza joto amelifanyaje. Akasema joto analijua tangu azaliwe, analowesha leso anajifunika. Aliongea kwa sauti ya kawaida kabisa, na hiyo ndiyo iliyonimaliza. Angenitukana ningejua pa kuweka mikono yangu.

"Mbona hukumwambia mtoto wako?" nikasema.

"Nimwambie nini? Kwamba bwana yake amenifungia kitu cha kuniangukia? Angekudharau, na nyinyi mnaishi pamoja." Mwiko ukarudi kwenye sufuria. "Nilisema atakuja mwenyewe. Umechelewa kidogo."

Jirani akasema, "Amechelewa sana," akaendelea na mbaazi.

Nikasema niko tayari kupanda tena. Mama akasema darini peke yake hakutoshi. Alisema safari hii nitafanyia kazi ndani ya chumba pia, nikiona ninachofanya, kwa sababu mara ya kwanza feni ilifungwa na mtu kipofu. Nikasema, mama, nitaingiaje. Akasema nisubiri mbele ya nyumba, niangalie barabara, nisigeuke.

Nikaangalia barabara. Nyuma yangu nilisikia wanawake wawili wazee wakikokota chuma kwenye sakafu, wakipumzika, wakilaumiana, wakikokota tena. Nilitaka kusaidia na sikuweza, kwa sababu kitu chenyewe ndicho kile nisichopaswa kukiona. Mtu wa presha anabeba kitanda kwenye jua kwa sababu yangu, na kazi yangu ni kuangalia barabara. Nimewahi kuwa na aibu nyingi, lakini ile ilikuwa na urefu. Waliponiita, kitanda kilikuwa nyuma ya nyumba kimefunikwa shuka mpaka miguu, na chumba kilikuwa chumba tu, sakafu na kuta na dirisha. Kwenye kona, sakafuni, palikuwa na alama nne nyeupe za miguu ya kitanda. Zilikuwa zimekolea.

Nilizima stima, nikabandika karatasi. Nikateremsha feni. Bolti yangu niliigusa, mbao ikashuka nayo upana wa kidole, misumari ikaonekana iking'aa kama meno. Sikumwita mtu aje kuona. Nikapanda darini, nikavusha ubao, nikaupigilia, nikatoboa, nikaweka nati mbili na pini. Nilifanya polepole. Jasho lilikuwa lile lile, lakini safari hii sikufumba macho.

Niliposhuka chumbani kuunga waya, mama alikuwa nje ya dirisha na jirani kando yake. Alikuwa ameelekea upande mwingine kidogo, kwa heshima, lakini alikuwa anaona.

"Mwulize kama itabeba," mama akasema. Alikuwa amemrudisha jirani kazini.

"Itabeba," nikasema. Kisha nikakumbuka mara ya mwisho niliposema kitu kama hicho. Nikapanda juu ya meza, nikashika hoki kwa mikono miwili, nikainua miguu.

Ning'inia uone umri wako. Mabega yalilia, shati likatoka kwenye suruali, suruali yenyewe ikaanza safari yake, na sikuwa na mkono wa kuizuia. Mbele ya mama mkwe. Hoki haikusogea.

"Mwambie bado," mama akasema.

"Bado," jirani akasema.

Nikaning'inia.

"Mwambie ajitikise."

"Jitikise, ni kama feni."

Nikajitikisa. Nikasikia kicheko kutoka dirishani, kidogo, cha mtu aliyeziba mdomo kwa leso, na hakikuwa cha jirani, maana jirani alikuwa anacheka waziwazi.

Feni ilipozunguka haikutikisika. Wakaniambia nitoke, niende nikaangalie barabara, wakarudisha kitanda. Nilisikia miguu ya chuma ikikokotwa ikasimama. Ilisimama wapi, kwenye kona au chini ya feni, sikuweza kujua, na hilo si swali ambalo mkwe anaweza kuliuliza.

Nyumbani nilimwambia mke wangu yote, kuanzia ubao mpaka suruali. Hakunidharau, au alikunja dharau akaiweka mahali. Alisema tu, "Siku ile nilikuambia inatikisika."

Siku hizi mama akipiga simu feni inavuma kama kawaida, na mimi nageuza redio, nikisikiliza kama anaongea akiwa amesimama. Huwezi kujua kwa sauti. Mke wangu alipoenda kumtembelea mwezi uliopita, nilingoja arudi aniambie alichokiona chumbani. Alirudi na mayai na mbaazi, akavua viatu, akasema mama ananisalimia.

"Na anasema usiku anasikia baridi. Feni yako ni kali. Anaomba umtumie blanketi zito."

"Baridi? Kibwezi?"

"Ndivyo alivyosema."

Nimenunua blanketi. Ni zito kweli, la rangi ya bluu kama lile ambalo sikupaswa kuliona. Inawezekana baridi ni ya kweli. Inawezekana pia amelala kwenye kona na leso yake mbichi, akaona namna nyingine ya kunifanya nilale vizuri. Limekunjwa hapa juu ya meza, na mke wangu atalipeleka shule zikifungwa.